Simu Kuukuu Bado Inaweza Kuleta Intaneti Nyumbani

Hotuba kwa wakazi kuhusu matumizi ya simu za zamani na taka za kielektroniki



Katika nyumba nyingi, intaneti hutoka asubuhi ikiwa mfukoni mwa mzazi. Mama akienda sokoni na simu, mwanafunzi anayejaza fomu ya HELB au anayetafuta huduma kwenye eCitizen hana budi kungoja jioni au kulipa saiba. Ilhali katika nyumba iyo hiyo, ndani ya droo, kuna simu iliyoachwa kwa sababu kioo kimepasuka.

Simu hiyo haijafa. Aghalabu kinachoharibika kwanza ni kioo na betri. Sehemu inayonasa mawimbi ya mnara na ile inayotoa waifai huwa bado nzima, na sehemu hizo mbili ndizo zinazofanya kazi ndani ya rauta ya laini inayouzwa dukani. Simu ya 4G ikitiwa laini yenye data na hotispoti ikiwashwa, hubaki nyumbani na kuwahudumia watu kadhaa kwa pamoja.

Kazi huanza kwa kusafisha simu. Mwenye simu ahifadhi picha zake kwingine, aondoe akaunti yake ya Google, kisha afute kila kitu kupitia Mipangilio. Asipoondoa akaunti kwanza, simu inaweza kumdai neno la siri la zamani ikiwaka tena. Kioo kikikataa kuguswa, simu nyingi za Android hukubali kipanya cha kompyuta kikichomekwa kwa kiunganishi kidogo cha USB.

Mahali pa kuiweka pana maana. Mabati huzuia mawimbi, kwa hivyo simu ikae juu, karibu na dirisha, mbali na jua kali. Panapo masafa mawili ya kuchagua, 2.4 GHz hupenya kuta vizuri zaidi, nayo 5 GHz huwa na kasi zaidi lakini haifiki mbali. Anayetumia kompyuta moja anaweza kuiunganisha na simu kwa waya wa USB. Intaneti hutulia zaidi.

Data nayo ichungwe. Simu nyingine zikiona waifai hudhani data haina mwisho, zikaanza kujipakulia masasisho na video. Wekeni kikomo cha matumizi mapema, kabla data haijaisha usiku mmoja.

Jambo zito zaidi ni betri. Betri ya lithiamu ikikaa kwenye chaja mchana na usiku, hasa penye joto, huchakaa na inaweza kufura. Betri iliyofura inaweza kushika moto. Dalili ni kifuniko kuinuka au kioo kuachana na fremu. Simu ya namna hiyo isichajiwe tena, isibanwe wala kutobolewa. Hata iliyo nzima isiwekwe juu ya godoro, chini ya mto au karibu na pazia. Ichajiwe kwa vipindi, na watu wakilala stima izimwe.

Usalama wa taarifa pia uzingatiwe. Simu za zamani huwa hazipokei tena masasisho ya ulinzi. Kwa hivyo ibaki na kazi moja tu ya kugawa intaneti. M-Pesa, benki na barua pepe zikae kwenye simu nyingine, na laini iwe tofauti. Hotispoti iwe na ulinzi wa WPA2 au WPA3 na neno la siri refu ambalo si jina la mtoto. Kumgawia jirani ni ujirani mwema, lakini kuuza intaneti ni biashara inayohitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano.

Kwamba simu kuukuu zina nguvu si porojo. Mwaka wa 2025, watafiti wa Chuo Kikuu cha Tartu nchini Estonia walieleza jinsi walivyounganisha simu za zamani zikawa kituo kidogo cha kuchakata data, kwa gharama ya takriban yuro 8 kwa kila simu. Waliondoa betri na kutumia umeme wa nje, kwa sababu betri ndiyo hatari.

Simu ikishindwa kabisa, isitupwe motoni wala kwenye choo cha shimo. Ina metali zinazodhuru udongo na maji. Ipelekwe kwa wanaokusanya taka za kielektroniki. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka wa 2022 inawabebesha wazalishaji wajibu wa bidhaa zao hata zikichakaa.

Basi kila mmoja afungue droo yake leo. Aangalie betri kwanza. Ikiwa imefura, simu iondolewe nyumbani kwa uangalifu. Ikiwa nzima, watoto wasome.