Joto la Kufuta

Leo tunakwenda jimbo la New York, Marekani, mwaka 1961. Huko, katika kampuni ya IBM, alikuwapo mwanafizikia Rolf Landauer, mzaliwa wa Stuttgart aliyeikimbia Ujerumani ya Wanazi akiwa mtoto. Mwaka huo alichapisha makala yenye swali moja zito: je, kompyuta ni lazima itoe joto?

Akajibu kwamba lipo joto lisilokwepeka, na chanzo chake ni kufuta. Tusikilizane vizuri hapa. Kila sehemu ndogo kabisa ya kumbukumbu ya kompyuta hushika sifuri au moja. Ukiifuta, zote mbili zinageuka sifuri, na hakuna awezaye kujua mwanzo ilikuwa ipi. Tofauti ile haipotei bure; hutoka nje ikiwa joto. Kiasi chenyewe ni kidogo mno: jouli moja igawe vipande trilioni, kila kipande kigawe tena mara bilioni, kisha chukua vitatu tu. Hicho ndicho kikomo katika halijoto ya chumbani.

Landauer aliamini kompyuta haiwezi kufanya kazi bila kufuta. Mwaka 1973, Charles Bennett, wa kampuni hiyohiyo, akaonyesha kuwa inawezekana. Mashine itunze rekodi ya kila hatua, inakili jibu, halafu irudi kinyumenyume hatua kwa hatua mpaka rekodi zote zijifumue zenyewe. Kwangu mimi, hili ni miongoni mwa mawazo mazuri kabisa ya karne ile. Lakini lina bei yake: kumbukumbu nyingi zaidi, na mwendo wa polepole, kwa sababu haraka nayo huzaa joto.

Uthibitisho wa maabara ulikuja mwaka 2012 mjini Lyon, Ufaransa. Watafiti walinasa kwa leza punje ya silika, upana wake maikromita mbili, ikielea majini. Ikiwa kushoto ilihesabiwa sifuri, kulia moja. Wakailazimisha kuhamia upande mmoja, yaani kufuta, na kupima joto. Kadiri walivyokwenda taratibu, ndivyo joto lilivyoshuka, wastani wake ukikaribia kikomo cha Landauer. Yeye alikuwa amefariki mwaka 1999.

Chipu za leo bado zinatumia nishati maelfu ya mara zaidi ya kikomo hicho. Kwa hiyo, msikilizaji, joto unalolihisi kwenye simu yako karibu lote linatokana na namna tunavyoziunda, na bado kuna nafasi kubwa ya kulipunguza.