Uhakiki wa Ukubwa katika Kiini cha Mfumo Endeshi

Kwa mwanafunzi wa fasihi, uhakiki hufuata utungo: matini huandikwa kwanza, ndipo mhakiki aipime. Katika kiini cha mfumo endeshi wa kompyuta, uhakiki hauna budi kutangulia.

Chukulia programu inayokiomba kiini kipokee data ya baiti n, nacho hutenga nafasi ya n na baiti 16 za kichwa. Namba ya biti 32 isiyo hasi hukomea 4,294,967,295, kisha huanza tena sifuri. Programu ikitaja 4,294,967,290, jumla huwa 10. Kiini hutenga baiti 10, kisha humimina data kupita nafasi hiyo na kuharibu kumbukumbu jirani. Hapo mvamizi hupata mlango. (Kuita hali hii kufurika kwapotosha kidogo: mto ukifurika huonekana, hesabu hii huharibika kimya.) Kuipima jumla hakusaidii, maana 10 haivuki kikomo. Kinachofaa ni kutoa 16 katika kikomo, kisha n ilinganishwe na baki.

Tena, namba hiyo inakiliwe ndani ya kiini mara moja tu, na nakala hiyo ndiyo ihakikiwe na kutumiwa. Ikisomwa mara mbili kutoka kumbukumbu ya programu, yaweza kubadilishwa baada ya kuhakikiwa, kabla ya kutumiwa.