Lualaba kati ya Migodi na Vinamasi
Mto Lualaba, unaopita karibu na mji wa migodi wa Kolwezi, ndio chimbuko kuu la Mto Kongo, ingawa mpelelezi Livingstone, alipoufikia huko Nyangwe mwaka 1871, aliudhania kuwa Nili, kosa linaloeleweka kwa kuwa Lualaba huelekea kaskazini. Bwawa la Nzilo, lililojengwa miaka ya 1950 ili kuipatia migodi ya shaba umeme, huyazuia maji ya Lualaba. Kisha mto hushuka na kutanuka katika bonde la Upemba, lenye maziwa na vinamasi, yaani maeneo yaliyofunikwa na maji na mafunjo, ambako huishi lechwe wa Upemba, swala wa majini aliyetambuliwa na wanasayansi kuwa spishi ya pekee mwaka 2005 tu. Kwa hiyo uchafu wa migodi unaoingia Lualaba kupitia Mto Musonoi si suala la Kolwezi peke yake, bali pia la wavuvi wa Upemba.