Mgeni wa Mwezi Mmoja
Hotuba juu ya wanafunzi waendao milimani kujifunza



Tumeombwa kusema maneno machache juu ya safari za masomo. Wanafunzi wengi wa Ulaya na Marekani husafiri kwa makundi mpaka Nepal, katika milima ya Himalaya, wakakaa huko mwezi mzima ili wajifunze maisha ya watu wa milimani. Jambo hili ni jema, na faida ya elimu ya namna hii imeonekana. Bibi Elinor Ostrom, mwalimu wa chuo kikuu huko Marekani, pamoja na wenzake, waliichunguza mifereji ya wakulima wa Nepal, wakaona ya kuwa mara nyingi mifereji itunzwayo na wakulima wenyewe hugawa maji vizuri kuliko ile iliyojengwa na kusimamiwa na serikali. Mwaka 2009 alipewa Tuzo ya Nobel ya elimu ya uchumi, naye ndiye mwanamke wa kwanza kuipata.

Walakini mambo kama hayo yako hapa kwetu pia. Milima ya Upare yapanda mpaka kilele cha Shengena, meta 2,462, na chini yake Same imo katika nchi kavu. Mvua nyingi huangukia juu. Mashamba ya chini hungoja maji yateremkayo. Kwa sababu hiyo wazee walichimba mifereji na kujenga ndiva, yaani mabwawa madogo yajazwayo usiku na kufunguliwa mchana, ili maji yatoke kwa nguvu yakafike mbali.

Wanafunzi nao wamekwisha kuja. Katika miaka ya 2000 Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kwa kushirikiana na vyuo vya Uholanzi, Uswidi na Afrika Kusini, kilikuwa na wanafunzi wa shahada za juu katika bonde la Makanya. Walipima mito na mvua, tena wakauliza jinsi watu wa Vudee, walio juu, na wa Bangalala, walio chini, wanavyopatana juu ya maji ya mto mmoja.

Huenda mtu akauliza: mwezi mzima wa nini? Twajibu ya kuwa ajaye asubuhi na kuondoka jioni huona shimo lenye maji, basi. Hajui ni nani aliyelifunga jana usiku, wala ni zamu ya nani leo, wala mwenye shamba la mwisho amengoja siku ngapi. Hayo hujulikana kwa kulala pale pale na kuingoja zamu irudi. Na itakapopigwa mbiu ya msaragambo, watu wote watoke kuondoa tope katika ndiva, mgeni naye atatoka. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mwanafunzi aliyeshika jembe hatasahau uzito wa tope lile.

Ndugu zetu, sisi tushikao kalamu twajua hasara ya kuandika habari za watu bila kujifunza kwao kwanza. Katika miaka ya 1940 Wapare waliwekewa kodi iliyoitwa mbiru, iliyopimwa kwa mali ya kila mtu. Hawakukataa kulipa kodi. Walikataa namna ile ya kuipima. Mwezi wa Januari 1945 maelfu walishuka kutoka milimani wakakusanyika hapa Same, na shauri hilo lilichukua muda mrefu kabla kodi ile haijaachwa. Madaftari yalikuwapo na makarani walikuwapo. Kilichokosekana ni masikio.

Habari hizo twazijua vema kwa kazi ya marehemu Profesa Isaria Kimambo, aliyewasikiliza wazee wa Upare katika miaka ya 1960, akatoa kitabu cha historia yao mwaka 1969. Lakini kitabu hicho ni cha Kiingereza, na maandishi mengi ya wanafunzi wa Makanya ni ya Kiingereza vile vile. Mzee aliyekaa juu ya jiwe siku nyingi akieleza mambo ya ndiva hawezi kusoma yaliyoandikwa kutokana na maneno yake, wala kuyasahihisha. Mwanafunzi hupata shahada, na mzee hupata picha moja. Hiyo si haki.

Kwa hiyo tunaleta shauri hili. Kila kundi litakaloomba kuja milimani kwa masomo liombwe mambo matatu: kwanza, wakae mwezi mmoja kamili, pili, washiriki msaragambo kama wenyeji, tatu, kabla ya kuondoka wasome mbele ya mkutano wa kijiji, kwa Kiswahili, waliyoyaona, na kuacha nakala. Wakishindwa Kiswahili, wanachama wetu tutawasaidia kufasiri, maana kazi hiyo twaiweza, na nakala zihifadhiwe katika ofisi ya kijiji.

Tusiseme ya kuwa twawazuia wageni. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo isemwavyo. Tunachotaka ni mwenyeji apone kweli.

Tumekwisha. Twangoja maswali yenu.