Usalama Kazini Huanzia kwa Jirani: Mkulima kama Mwalimu wa Kijiji



Mwaka 2001 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Namba 184 kuhusu usalama na afya katika kilimo. Ni mkataba mzuri, lakini kifungu chake cha pili kinakiacha nje kilimo cha kujikimu. Mwenye ekari mbili anayelima na mkewe na wanawe hana mwajiri wa kumdai glavu, wala mkaguzi wa kumtembelea. Pendekezo Namba 192 la mwaka huohuo linazihimiza nchi zimfikishie ulinzi huo hatua kwa hatua. Ni nani basi atakayemfikishia? Jibu langu ni mkulima mwenzake.

Jambo hili limekwisha kufanyika. Katika miaka ya 1990, huko Can Tho, kwenye delta ya mto Mekong nchini Vietnam, Dkt. Ton That Khai na wenzake, wakishirikiana na watafiti wa Japani, walianzisha mpango ujulikanao kama WIND. Wakulima wa mpunga walizungukia nyumba na mashamba ya wenzao wakiwa na orodha yenye picha. Orodha ile haikutafuta mkosaji. Kila kipengele kilitaja hatua inayowezekana: kusawazisha njia ya kupitishia mizigo, kutumia kigari cha magurudumu, kufungia viuatilifu mahali salama, kupeleka maji ya kunywa shambani. Mkulima mwenyewe ndiye aliyeamua kama hatua hiyo inamhusu, na kama ndiyo ya kuanza nayo. Wake kwa waume walishiriki pamoja, maana jiko nalo ni mahali pa kazi. Kisha wakulima wa kujitolea wakawafundisha majirani zao.

Siri ya mafanikio yao iko wazi: mfano ukitoka kwa mtu mwenye kipato kama changu, sina sababu ya kusema mambo hayo ni ya wenye nazo.

Sisi tumezoea kumwagiza mkulima avae ovaroli, buti, miwani na barakoa. Jua likishapanda, hata aliyenavyo huvivua. Lakini litazameni bomba la kupulizia linalobebwa mgongoni. Mpira wa kifuniko ukichakaa, dawa huchuruzika mgongoni na shati hulowa. Viuatilifu vya jamii ya oganofosfeti hupenya kwenye ngozi na kuzuia kimeng'enya kinachozima ishara za neva. Mtu hutokwa jasho na mate, huona ukungu, misuli humtetemeka. Jirani anaweza kumwonyesha mwenzake kinga: jaza maji matupu kwanza, libebe, kagua panapovuja, badilisha mpira. Pulizia asubuhi, na usiukabili upepo. Nguo za kupulizia zifuliwe peke yake. Dawa isihamishiwe kamwe kwenye chupa ya soda, mtoto asije akainywa.

Sisemi serikali iketi. Wema wa jirani hauwezi kuondoa sumu kali sokoni. Hiyo ni kazi ya mamlaka zenye sheria mkononi. Lakini sheria haifiki kila shamba kila asubuhi, na jirani yupo.

Wala hatuhitaji kujenga jukwaa jipya. Shamba darasa, mbinu iliyoanzishwa na FAO nchini Indonesia mwaka 1989, tunalo vijijini. Tunafundishana humo nafasi za kupandia na kutambua wadudu. Usalama wa mwili wa mkulima uwe somo la kwanza humo, wala usisubiri dakika za mwisho.

Wanataaluma wenzangu, kabla ya kuandika mwongozo mwingine, zungukieni kijiji kimoja mtazame mambo ambayo wakulima wamekwisha kuyabuni, kisha myaeneze. Nanyi wakulima, msimu huu kila mmoja amwonyeshe jirani yake jambo moja la kumkinga. Mavuno hayana thamani kama yamemgharimu mvunaji afya yake.