Mafia: Kisiwa Kinachohesabiwa Bara



Jioni hii nataka kusema nanyi juu ya Kisiwa cha Mafia. Wengi wenu mmelisikia jina lake, wachache mmefika. Wageni kutoka Ulaya wakilisikia hucheka, kwa kuwa huko jina hilo ni la wezi wa Sicilia. Mafia yetu haihusiani nao hata kidogo, na watu wake ni wavuvi, wakulima wa minazi na waunda vyombo.

Nina sababu ya kuchagua kisiwa hiki. Kila mwaka katika chuo tunamofundisha waalimu huwauliza wanafunzi wapya: Mafia iko chini ya serikali ipi? Wengi huandika, bila kusita, kwamba ni sehemu ya Zanzibar. Mwaka mmoja kijana mmoja wa Jibondo, ambacho ni kisiwa kidogo cha huko huko, aliinua mkono akauliza, “Mwalimu, sisi tumezungukwa na maji pande zote, wala hatuna mto wala mlima, mbona tunaitwa watu wa bara?” Swali lake ni zuri. Kulijibu yatupasa kutazama kwanza nchi yenyewe, kisha maandiko ya wenye kutawala, kwa maana mambo haya mawili hayakwenda njia moja.

Wenye ramani na wazifungue. Teremsheni kidole kutoka Dar es Salaam kwa upande wa kusini, mkiufuata ukingo wa bahari, mpaka mwone mahali ambapo mto Rufiji unagawanyika na kumwaga maji yake kwa midomo mingi. Mbele ya midomo hiyo, upande wa mashariki, ndipo ilipo Mafia. Kisiwa kikubwa chapata kilomita 50 kwa urefu na kilomita 15 au zaidi kidogo kwa upana. Kwa kusini-mashariki vimekizunguka visiwa vidogo: Chole, Juani na Jibondo, na upande wa magharibi kiko Bwejuu. Mafia haina milima. Ardhi yake ni mchanga na mawe ya matumbawe, na mnazi hustawi sana humo, na mkorosho pia.

Bahari iliyo kati ya Mafia na bara si ya kina kirefu. Katika jambo hili Mafia yafanana na Unguja, nayo haifanani na Pemba, ambayo imetengwa na bara kwa mlango wa maji mengi mno. Rufiji huleta tope lake siku zote, hata maji ya magharibi mwa Mafia huwa na rangi ya udongo. Lakini ukizunguka upande wa mashariki, kwenye ghuba ya Chole, utaona maji safi, na chini yake matumbawe ya kila namna. Kwa hiyo kisiwa hiki kina bahari mbili, moja ya mto na moja ya mwamba. Wavuvi wajua samaki wa huku na samaki wa kule. Na kuanzia mwezi wa Oktoba hata Machi, papa mkubwa aitwaye potwe, asiyemdhuru mtu, huja kula karibu na Kilindoni.

Hata wanyama wa nchi kavu wanaonyesha kwamba Mafia ina ndugu pande mbili. Katika maziwa madogo ya kisiwa kikubwa wako viboko, na husemwa kwamba wazee wao walichukuliwa na maji ya Rufiji wakaogelea wakavuka. Lakini penye miti mikubwa ya Chole wananing'inia popo wakubwa walao matunda, ambao jamaa zao wako Komoro na Shelisheli, wala bara la Afrika hawapatikani kabisa. Kiboko alitoka bara; popo alitoka visiwani; na wote wawili wanakaa Mafia pasipo kugombana juu ya serikali.

Wanadamu hawakuwa na amani kama hiyo. Zamani Mafia ilitawaliwa kutoka Kilwa, na magofu ya mji wa Kisimani, upande wa magharibi, yako bado, ingawa sehemu yake imekwisha kuliwa na bahari. Mji mwingine ulikuwa Kua, katika kisiwa cha Juani. Wenyeji wana hadithi juu ya miji hii miwili, nami naieleza kama hadithi. Yasemwa kwamba watu wa Kisimani waliunda jahazi, na siku ya kulishua wakawakamata watoto wa Kua, wakawalaza njiani, jahazi likapita juu yao kwenda majini. Watu wa Kua wakanyamaza miaka mingi. Kisha wakawaalika Kisimani arusini, wakawakaribisha katika chumba kilichojengwa chini ya ardhi, na walipokwisha kuketi wakauziba mlango kwa mawe na chokaa. Sijui mtu awezaye kuthibitisha habari hiyo, lakini mwenye kuisikia atafahamu kwamba hata visiwa vyenyewe havikuwa na neno moja. Mwanzo wa karne ya 19 Wasakalava kutoka Bukini walikuja kwa mitumbwi yao wakauvunja Kua, na waliosalia wakaukimbia. Magofu ya nyumba na misikiti yamesimama mpaka leo katikati ya mibuyu.

Baada ya hayo kisiwa kikawa cha Sultani wa Unguja, na mji mkuu ukawa Chole. Waarabu wakapanda minazi mingi, na kazi ya mashamba hayo ikafanywa na watumwa waliovushwa kutoka bara. Yafaa jambo hilo lisisahauliwe kila tuionapo minazi ya Mafia ilivyopangwa kwa mistari.

Sasa twafika kwenye maandiko. Mwaka 1886 Waingereza na Wajeremani walipatana juu ya mipaka ya nchi ya Sultani. Katika mapatano hayo Mafia ilitajwa kwa jina pamoja na Unguja, Pemba na Lamu kuwa mali yake. Hapo, basi, kijana wetu wa Jibondo angehesabiwa mtu wa visiwani bila shaka. Lakini haikupita miaka minne. Tarehe 1 Julai 1890 mataifa yale yale mawili yaliandikiana tena. Wajeremani wakakubali kwamba Unguja na Pemba ziwe chini ya himaya ya Waingereza, nao wakapewa kisiwa cha Heligoland katika bahari ya kaskazini ya Ulaya. Waingereza wakaahidi kumshauri Sultani awaachie Wajeremani ile pwani ya bara. Na katika kifungu hicho hicho likaongezwa neno moja dogo, kwamba pamoja na pwani kitolewe na kisiwa cha Mafia. Sultani akalipwa marki milioni nne kwa vyote. Sijasoma popote kwamba mtu mmoja wa Mafia aliulizwa.

Tazameni jinsi neno dogo lilivyofanya kazi kubwa. Visiwa vitatu vilivyokuwa vya bwana mmoja vikagawanywa: Unguja na Pemba huku, Mafia kule. Watu walikuwa na jamaa Unguja, wakisafiri kwa upepo wa kusi kwenda na kwa kaskazi kurudi, na lugha yao na desturi zao ni za visiwani. Lakini kodi yao ikawa inakwenda bara. Wajeremani walijenga boma Chole, na mwaka 1913 wakaihamisha ofisi mpaka Kilindoni, upande wa magharibi wa kisiwa kikubwa, unaolielekea bara. Tangu hapo Chole, iliyokuwa mji, ikarudi kuwa kijiji cha wavuvi, na majumba yake yakaota mizizi ya mitini.

Vita vya kwanza vya dunia vilikuja. Manowari ya Kijeremani, Königsberg, ilijificha katika midomo ya Rufiji. Mwezi wa Januari 1915 Waingereza waliishika Mafia, wakaifanya kituo cha ndege zao za kuipeleleza, na Julai mwaka ule ule wakaiangamiza. Mafia ikakaa mikononi mwa Waingereza. Sasa waliitawala Unguja, na Tanganyika vilevile. Wangeweza kukirudisha kisiwa kwa ndugu zake. Hawakufanya hivyo. Mwaka 1922 Mafia ikawekwa katika Tanganyika, na mpaka wa 1890 ukasimama kama ulivyokuwa, ijapokuwa mmoja wa wale wawili walioandikiana alikwisha kuondoka.

Yaliyofuata yalijengwa juu ya mpaka huo huo. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, Mafia ilikuwamo. Tanganyika na Zanzibar zilipoungana tarehe 26 Aprili 1964, Mafia iliingia katika Muungano kwa mlango wa Tanganyika. Ndiyo sababu leo mtu wa Mafia hampigii kura Rais wa Zanzibar, wala hana mjumbe katika Baraza la Wawakilishi la Unguja. Shule yake, zahanati yake na shamba lake, mambo ambayo Zanzibar inajiendeshea yenyewe, kwake huamuliwa na wakuu wa Tanzania Bara. Humchagua mbunge wake wa kwenda Bunge la Muungano.

Wala Mafia si mkoa peke yake. Ni wilaya moja katika Mkoa wa Pwani, na ndiyo wilaya pekee ya mkoa huo iliyo visiwa vitupu. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2012 walipatikana watu 46,438. Katika hesabu ya 2022 walikuwa wamepita 60,000. Mkuu wa wilaya hukaa Kilindoni, lakini makao ya mkoa yako Kibaha, mji ulio ndani ya bara, magharibi mwa Dar es Salaam, ambako haionekani bahari wala hausikiki mshindo wake.

Hapa ndipo penye uzito wa jambo, kwa maoni yangu. Wengine husema, mpaka ni mstari tu katika karatasi. Haya, tumchukue mtu wa Jibondo mwenye haja ya kufika mkoani. Kisiwa chake ni jiwe tupu. Kwa muda mrefu maji ya kunywa yalikingwa ya mvua au yaliletwa kwa chombo kutoka kisiwa kikubwa. Atangoja maji yajae, apande mashua mpaka kisiwa kikubwa, avuke kisiwa chote mpaka Kilindoni. Kutoka Kilindoni atavuka mlango wa bahari mpaka Nyamisati, penye ukingo wa Rufiji. Kwa muda mrefu safari hii ilikuwa ya mashua za mbao, zilizojaa watu, minazi, samaki wakavu na kuku, na abiria alishuka akatembea majini mpaka kiunoni. Siku hizi yamejengwa magati, moja kila upande, na iko pantoni ya serikali. Hayo ni maendeleo ya kweli, nayo yafaa kusifiwa. Lakini akishuka Nyamisati yuko kusini. Atafuata barabara ya Kilwa kurudi kaskazini mpaka Dar es Salaam, kisha aishike ya Morogoro mpaka Kibaha. Upepo ukichafuka, hatoki. Mwezi wa Mei 2024 tufani iliyoitwa Hidaya ilikipiga kisiwa hiki, na katika siku za namna ile ni heri aliye kwake, ole wake mgonjwa anayehitaji tabibu wa ng'ambo. Uko uwanja wa ndege Kilindoni, na ndege hazichukui hata saa moja kufika Dar es Salaam. Lakini nauli yake si ya mvuvi wa pweza.

Wako wasemao kwamba ingekuwa heri Mafia irudishwe Zanzibar. Mimi siafikiani nao. Unguja ni mbali zaidi ya Nyamisati, na biashara ya kisiwa siku hizi, samaki na nazi, yaelekea Dar es Salaam. Tena mzigo utokao Zanzibar kuja bara hukaguliwa na watu wa ushuru, hali wa Mafia hutua kama mzigo wa Bagamoyo. Ninalolisema ni hili: mwenye kupanga mambo ya wilaya hii akiwa Kibaha au Dodoma, asiipime kwa kipimo cha Kisarawe. Daktari mmoja Kisarawe na daktari mmoja Mafia si sawasawa, kwa kuwa wa Kisarawe akikosekana lipo gari.

Na siku hizi hata bahari yenyewe ina mipaka. Mwaka 1995 serikali ilitenga kilomita za mraba 822 kuwa Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, nayo ilikuwa ya kwanza ya namna yake katika Tanzania. Ndani yake vimo Chole, Juani na Jibondo na watu wao. Sababu yake ni njema: wavuvi wengine walikuwa wakipasua baruti katika miamba, samaki wakafa wakubwa kwa wadogo, na matumbawe yakabaki kifusi. Kasa sasa hutaga mayai katika fukwe za Juani na kulindwa na wenyeji wenyewe. Lakini mzee aliyevua mahali fulani tangu ujana wake, akiambiwa leo kwamba hapo haruhusiwi, yuataka kuelezwa kwa maneno, wala si kwa ubao uliochomekwa ufukoni.

Enyi wanafunzi mnaosikiliza, nina kazi ya kuwapa. Chukueni rula, mpime katika ramani zenu mstari ulionyoka kutoka Jibondo mpaka Kibaha, mwandike kilomita zake. Kisha chukueni uzi, muufuatishe na njia niliyowaeleza, kwa Kilindoni, Nyamisati na Dar es Salaam, mwandike na hizo. Mwonyesheni mwalimu wenu hesabu zote mbili kesho asubuhi. Usiku mwema.