Dhahabu Inayonusa Sumu

Hapa Mbwera na katika delta nzima ya Rufiji, kaa wakikata miche ya mpunga, wapo wanaomwaga sumu shambani. Maji yakipwa, sumu hiyo huelekea kwenye mikoko, wanakokulia kamba, na kwa macho huioni.

Ili kuitambua, maabarani kuna kipimo kinachotumia chembe za dhahabu. Zipange maelfu ndipo zifikie unene wa unywele. Zikitawanyika majini, rangi ni nyekundu, ajabu kweli kwa dhahabu! Baadhi ya viuatilifu huzikusanya, rangi ikageuka buluu.

Ila hata chumvi huzikusanya. Kwa hiyo huku kwetu, maji ya bamvua yakijaa, buluu pekee si ushahidi: chembe zikingwe kwanza dhidi ya chumvi, na sampuli ipimwe tena maabarani.